Njia mbili zilimshinda fisi, mwandishi zinamlisha: jinsi ya kuandika vitu vingi bila kukauka

Ukimwambia mtu unaandika hadithi, na unatafsiri, na skripti za redio unaandika pia, atakuangalia kwa huruma afu akukumbushe kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Mimi mwenyewe nilikuwa naamini hivyo. Miaka kama sita niliandika hadithi fupi tu, jarida moja tu, mhariri mmoja tu, na nilikuwa najisifu kabisa kwamba mimi sio mtu wa kurukaruka. Siku jarida lilipofuta kurasa za hadithi nilipewa taarifa kwa imeili ya mistari mitatu, na hapo ndo nikagundua kitu ambacho hakuna aliyewahi kunambia, yani sikupoteza hela peke yake, nilipoteza na mawazo. Nakaa kuandika, hakiji kitu. Kichwa kilishazoea mlango mmoja, mlango umefungwa, basi na chenyewe kimekaa nje kinasubiri.

Fisi alishindwa kwa sababu alitaka kupita njia zote mbili kwa wakati mmoja. Angepita moja asubuhi na nyingine jioni angekula kote. Shaaban Robert aliandika mashairi, insha, riwaya, na habari za maisha yake mwenyewe, na miaka mingi ya maisha yake alikuwa mtumishi wa serikali anaenda kazini kama watu wengine, na sijawahi kusikia mtu akimwita fisi.

Kwahiyo hapa naeleza ninavyofanya mimi, chukua kinachokufaa.

Chagua tatu, sio kumi

Ukishaamua kutanuka, kishawishi cha kwanza ni kujaza wasifu wako: mwandishi wa hadithi, mtafsiri, mhariri, mwandishi wa matangazo, wa hotuba, wa vitabu vya watoto. Mteja akisoma hivyo anaelewa kitu kimoja tu, kwamba huna kazi. Chagua tatu. Ya kwanza iwe kazi unayoiweza hata ukiwa na mafua, ndo italipa bili. Ya pili iwe kazi unayojifunza bado, inayokutoa jasho na kukufanya ujisikie mjinga mara mbili tatu kwa wiki. Ya tatu iwe kazi ambayo hakuna mtu aliyekutuma, haina mteja, haina tarehe ya mwisho, hata ikikaa miaka miwili hakuna atakayeuliza.

Watu wakibanwa wanaiacha ya tatu kwanza, maana hailipi. Nshafanya hivyo pia. Miezi minne tu baadae na zile mbili zinazolipa zinaanza kunukia plastiki, sentensi zote zinafanana, maana ile ya tatu ndo kisima chenyewe na hizo nyingine zinachota humo. Ipe hata nusu saa kwa wiki ila usiifute.

Sasa kwa nini aina tofauti, kwa nini sio hadithi tatu? Kwa sababu kila aina inakubana sehemu yake, na pale unapobanwa ndo unapopata misuli. Skripti ya filamu kwa desturi ukurasa mmoja unahesabiwa kama dakika moja ya picha, kwahiyo unajifunza haraka sana kwamba yale maelezo yako matamu ya machweo ni sekunde nne na hakuna mwigizaji anayeweza kuyaigiza. Manukuu ya video, yani yale maandishi ya chini ya picha, wateja wengi wanataka mistari miwili tu, herufi kama 42 kwa mstari, na mtazamaji lazima awahi kuyasoma kabla picha haijabadilika, sasa hapo ndo utajua ni maneno mangapi huwa unaweka bila kazi yoyote. Kitabu cha picha cha watoto mara nyingi ni kurasa 32, na sababu haina ushairi wowote, ni kwamba karatasi kubwa za mashine ya kuchapia zinakunjwa zikatoa kurasa nane au kumi na sita, kwahiyo hadithi nzima inapangwa kufuata mkunjo wa karatasi, na mwandishi anajifunza kumfanya mtoto atake kufunua. Tafsiri ndo shule kali kuliko zote, maana huwezi kuruka neno usilolielewa kama unavyoruka ukiwa unasoma tu. Mimi nilidhani najua kusoma mpaka nilipotafsiri mwongozo wa mashine ya kufulia, siku tatu, nimetoka pale namheshimu kila mtu aliyewahi kuandika sentensi inayoeleweka.

Na kuna kazi ya kumwandikia mtu kitabu kwa jina lake. Wengine wanaidharau. Mimi naona ni darasa la sauti, unakaa na mtu masaa ishirini unamrekodi, afu unaandika kama yeye, na ukirudi kwenye hadithi zako wahusika wako wanaacha kuongea wote kama wewe.

Ng'ombe mmoja, ngozi nyingi

Hili ndo la muhimu kwangu, na ndo jibu la wanaouliza muda wa kuandika vitu vitatu unatoka wapi. Hutafuti vitu vitatu. Unatafuta kitu kimoja na unakitoa mara tatu.

Mfano. Niliwahi kwenda kuongea na walinzi wa usiku kwa ajili ya makala moja, nilitaka kujua wanalalaje mchana wakati nyumba imejaa watoto na majirani na kelele. Nilikaa nao usiku tatu. Makala yenyewe ilikula labda robo ya nilichopata. Zamani ningefunga daftari nikaanza kutafuta mada nyingine, yani kila wiki naanza na sifuri. Safari hii nikarudi kwenye daftari na swali moja: hapa kuna nini ambacho makala haikukiweza? Makala haikuweza ule ukimya wa saa tisa usiku, huo ukaenda kwenye mchezo wa redio, maana redio ndo inajua kushika ukimya. Haikuweza mlinzi mmoja aliyeniambia anamjua kila paka wa mtaa kwa jina alilompa yeye mwenyewe, huyo akawa hadithi ya watoto. Na mambo ya usingizi wa mchana niliyokuwa nimesoma ili nisiulize maswali ya kijinga, yale yakawa makala nyingine ya afya kwa watu wa zamu za usiku. Kazi tatu zaidi, na usiku ni zile zile tatu.

Ila waulize kabla. Mtu aliyekubali kuongea kwa ajili ya makala hajakubali kuwa mhusika wa mchezo wa redio. Mimi huwa nasema mapema kabisa, naandika aina nyingi, naweza kutumia hili mahali pengine nikibadili jina na mambo yanayokutambulisha, ni sawa? Wengi wanakubali. Aliyekataa nimemwacha, na ilikuwa stori nzuri kweli, naumia mpaka leo.

Usiuze ng'ombe na kamba yake

Hapa nenda polepole, maana mpango wote huo wa kutoa kitu kimoja mara tatu unakufa ukisaini vibaya.

Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ni wa mwaka 1886, na nchi nyingi sana za dunia zipo ndani yake. Kwa huo mkataba haki ya mwandishi inaanza pale unapoandika, hailazimu usajili kwanza ndo kazi iwe yako, na kwa kazi nyingi inadumu maisha yako yote na angalau miaka 50 baada ya kufa, nchi nyingine zimeongeza mpaka 70. Sawa. Ila wewe mwenyewe unaweza kuigawa kwa saini moja tu. Kuna tofauti kubwa kati ya kumruhusu mtu achapishe kazi yako mara ya kwanza na kumhamishia haki zote. Ukimruhusu tu, kazi inabaki yako, akimaliza unaweza kuipeleka kwenye mkusanyiko, kwenye redio, kwenye tafsiri. Ukihamisha zote, ukitaka hata kuisoma kwenye podikasti yako inabidi uombe.

Mimi niliuza hadithi moja kwa mtindo huo wa pili, bila kusoma, nilikuwa na furaha tu ya kukubaliwa. Mwaka uliofuata watu wa redio wakaitaka. Nikarudi kwa mchapishaji, hakujibu, nikarudi tena, hakujibu, mpaka redio wakachukua hadithi ya mtu mwingine. Tangu siku hiyo kwenye mkataba natafuta mambo manne kabla sijaangalia hela: haki gani hasa, kwa lugha zipi, kwa muda gani, na zikiisha zinarudi kwangu lini. Na ukikuta maneno kama "haki zote katika njia zote zilizopo na zitakazogunduliwa", uliza. Mara nyingi wanakubali kupunguza, ni karatasi wanayompa kila mtu na hakuna anayeuliza.

Kitu kimoja cha kukutuliza: sheria inalinda namna ulivyoandika, wazo lenyewe hailindi. Kwahiyo hata ukiuza makala ya walinzi na haki zake zote, ulichokiona usiku ule bado ni chako, unaweza kukiandika upya kabisa kwa maneno mengine. Isipokuwa kama umesaini kwamba hutaandika mada hiyo kwa wengine, na hicho ndo kipengele kingine cha kutafuta.

Kuingia kwenye aina usiyoijua

Hakuna atakayekupa kazi ya skripti kwa sababu umeandika hadithi nzuri, hiyo tusidanganyane. Jitengenezee sampuli. Andika skripti moja fupi ya dakika kumi hata kama hakuna aliyeiomba, irekodi na marafiki kwa simu, sasa una kitu cha kutuma. Sampuli tatu fupi zinatosha, na zote ziwe za aina hiyo hiyo unayoomba, usitume shairi kwa mtu anayetafuta mwandishi wa ripoti eti aone kipaji.

Ukiandika kwa mhariri, mpe wazo, usimpe mada. "Ningependa kuandika kuhusu usingizi" ni mada, atajibu asante au hatajibu kabisa. "Walinzi wa usiku wanalalaje mchana kwenye nyumba yenye watoto, nimekaa nao usiku tatu" hilo ni wazo, linaonyesha nani, wapi, na kwamba umeshafanya kazi. Aya moja, aya ya pili wewe ni nani, basi. Asipojibu wiki mbili mkumbushe mara moja kwa upole, afu peleka kwingine. Kuwa na jedwali, nimetuma nini, kwa nani, lini, kajibu nini, hata kwenye daftari. Kukataliwa utakataliwa, sina la kuongeza hapo, ukiwa na kazi tano zipo nje zinasubiri majibu jibu moja baya haliumi sana.

Siku inavyokatwa

Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19, alikuwa mtu wa posta, na ndo huyo aliyependekeza masanduku ya barua ya barabarani yakajaribiwa kwanza visiwani kwenye Mfereji wa Uingereza mwaka 1852. Kabla ya kwenda kazini saa kumi na moja na nusu alfajiri alishakaa mezani, saa yake mbele yake, na lengo lake lilikuwa maneno 250 kwa kila dakika kumi na tano. Ameacha riwaya 47. Watu wakisikia hivyo wanakata tamaa, mimi ninachochukua kwake sio kasi, ni kwamba aliipa kazi ya moyo wake masaa ambayo kichwa kilikuwa kipya na posta ikapata yaliyobaki. Wengi wetu tunafanya kinyume, mteja anapata asubuhi, riwaya inapata saa nne usiku tukiwa tumesinzia.

Kwangu sheria ni aina mbili tu kwa siku, haijalishi nimebanwa kiasi gani. Na kati ya ya kwanza na ya pili lazima kiwepo kitu cha mwili, kufua, kutembea, kupanga vitu, chochote kisicho na maneno, la sivyo sauti ya tangazo inaingia kwenye shairi, na shairi linaanza kumshawishi msomaji anunue.

Nikiwa sina hamu natumia ule mtindo wa dakika 25, unaitwa pomodoro, Francesco Cirillo aliuanzisha miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, na jina ni nyanya kwa Kitaliano maana saa yake ya jikoni ilikuwa na umbo la nyanya. Unaandika dakika 25, unapumzika tano, unarudi. Hakuna uchawi, ila dakika 25 hazitishi, kuandika riwaya ndo kunatisha.

Na acha kabla hujamaliza. Ukijua sentensi inayofuata, usiiandike, andika maneno mawili ya kukumbusha afu funga kompyuta. Kesho hutakaa mbele ya ukurasa mtupu.

Kisima

Kila mtu atakwambia uwe na daftari la mawazo. Nilikuwa nayo kumi na moja. Shida ni kwamba sikuwahi kuyasoma, nilikuwa naandika kama mtu anayeweka hela kwenye benki ambayo hakumbuki iko wapi. Kilichobadilisha mambo ni kupanga siku moja kila mwezi ya kuyafungua, kalamu nyekundu mkononi, nahamisha mistari mitano tu inayonisisimua bado. Mitano. Mingi inakuwa imekufa na ni sawa, inayopona ina sababu.

Tembea. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha majaribio yakionyesha watu wakitembea wanatoa mawazo mapya mengi kuliko wakikaa, kwa wastani asilimia kama 60 zaidi, hata kwenye ile mashine ya kutembelea ndani mbele ya ukuta mtupu. Ila kwa maswali yenye jibu moja tu sahihi kutembea hakukusaidia. Kwahiyo kutafuta wazo tembea, kusahihisha prufu, yani nakala ya mwisho kabla ya kuchapwa, kaa chini.

Halafu jifunge. Najua inasikika kinyume, watu wanadhani ubunifu unataka uhuru, mimi nikipewa uhuru wote naandika kile kile nilichoandika juzi. Jaribu shairi la vina na mizani hata kama wewe sio mshairi, mizani nane na nane kila mstari, kina cha kati na cha mwisho. Siku moja nimekwama kabisa nikaandika:

Kalamu imenigoma, wino nao umeganda,
Nimekaa ninasoma, usiku nimejipinda

Nilitaka kusema nimechoka. Haikuingia, nilihitaji "nda", nikazunguka nikaangukia "nimejipinda", na hilo neno lina kujitahidi ndani yake na lina mgongo uliopinda pia, nikamwona mtu kabisa, ameinama juu ya meza, kivuli chake ukutani kama ndoano. Shairi lenyewe halikwenda popote, ni baya, ila yule mtu mwenye mgongo wa ndoano yupo sasa kwenye riwaya yangu sura ya pili. Kina ndo kilimleta.

Usipoweza mashairi jifunge kwa namna nyingine: ukurasa bila kivumishi hata kimoja, mazungumzo ambayo hakuna anayejibu alichoulizwa, stori nzima inayotokea wakati mtu anasubiri lifti.

Ukikauka kweli

Kukauka sio ugonjwa mmoja. Kuna aina tatu ninazozijua na dawa zake hazifanani, ukitumia dawa ya moja kwa nyingine unaharibu.

Kuna uchovu. Unajulikana kwa sababu hata kusoma huwezi, unasoma aya moja mara nne. Hapo hakuna mbinu, lala, pumzika siku mbili, na kama hauishi kwa wiki nyingi hilo sio suala la uandishi tena, muone daktari.

Kuna kuishiwa nyenzo. Una nguvu, unakaa, unaandika, unafuta, kwa sababu hujui vya kutosha. Wengi wanaita hii kukosa msukumo wakati ni kukosa habari tu. Mhusika wako ni fundi wa saa na hujawahi kuongea na fundi wa saa. Toka ukamuulize. Swali la kwanza liwe dogo, kifaa gani kinampotea kila siku, usimuulize "unajisikiaje na kazi yako".

Na kuna woga, ambao ni mjanja maana unajifanya kuwa hizo nyingine mbili. Utaujua kwa hivi, kila kitu kingine kinawezekana, umejibu imeili zote, umepanga mafaili, nyumba inang'aa, ni ile sura moja tu haigusiki. Dawa yangu ni kuisema kwa mdomo, nachukua simu narekodi kama namsimulia rafiki, vibaya, na makosa yote, afu nainakili. Ikishakuwa vibaya kwenye karatasi hainitishi tena, narekebisha tu.

Na hapa ndo zile kazi tatu zinakulipa, maana mara nyingi ukikauka kwenye moja nyingine inatiririka, kwahiyo unahamia huko siku chache huku unarudi polepole. Weka tarehe tu ya kurudi, andika kwenye kalenda kabisa, bila hivyo utahamia jumla na utajidanganya kwamba umebadilisha mwelekeo.

Kila miezi sita naangalia kazi zangu tatu naulizana nazo. Ipi imenifundisha kitu? Ipi naifanya nimefumba macho na hailipi hata vizuri? Hiyo naikata naweka nyingine. Mwaka jana nilikata manukuu ya video. Iliniuma, walikuwa wanalipa kwa wakati, na nyie mnajua wanaolipa kwa wakati walivyo wachache, ila nilikuwa nimeanza kuhesabu herufi za watu wakiongea na mimi. Nafasi yake nimeweka michezo ya jukwaani, ambayo siijui kabisa, wiki iliyopita mwongozaji amenirudishia kurasa kumi na mbili amekata mistari yangu yote niliyoipenda.

Nimeanza upya jana asubuhi.